Uhakiki uliochelewa nusu pigo: uchambuzi wa kisa

Kisa hiki kilitokea kwenye meza ya uhakiki wa michezo ya video niliyokuwa naisimamia. Nimeondoa jina la mchezo, la studio iliyoutengeneza, la chombo chetu na ya wahakiki wawili waliohusika, na nimebadili mambo madogo ambayo yangemtambulisha mtu. Michezo inayotajwa kwa jina ni ya kulinganisha tu, wala hakuna hata mmoja kati yake ulio mchezo wenyewe. Naandika kwa ajili ya wahariri na wahakiki, kwa sababu kosa tulilolifanya ni rahisi mno kurudiwa, na mimi ndiye niliyelipitisha.

Usuli

Mchezo huo ulikuwa wa dakika 75 hivi kwa anayeucheza mara ya kwanza. Ulikuwa na hatua 16, na kila hatua ni wimbo mmoja tangu unapoanza hadi unapokwisha. Mhusika anakimbia, anateleza na kuruka juu ya barabara ya taa, na mchezaji anabonyeza kitufe pale ngoma inapopiga. Akikosa hafi wala harudishwi nyuma, anapungukiwa alama tu, na mwisho wa wimbo anapewa nishani ya shaba, ya fedha au ya dhahabu. Rangi zake zilikuwa kali, michoro imepunguzwa hadi ikabaki mistari na vivuli, na mazungumzo hayakuwepo kabisa. Bei yake ilikuwa kama theluthi ya bei ya mchezo mkubwa.

Michezo ya namna hii ina ukoo wake, na ningeujua vizuri zaidi siku ile ningefanya kazi tofauti. PaRappa the Rapper, uliotoka Japani mwaka 1996, ulikuwa na hatua sita tu. Rez wa mwaka 2001 ulifanya kila risasi ya mchezaji iwe sauti ndani ya muziki. Journey wa mwaka 2012 unamalizika kwa saa mbili hivi, na muziki wake uliotungwa na Austin Wintory ukawa albamu ya kwanza ya muziki wa mchezo wa video kuteuliwa kuwania tuzo ya Grammy. Thumper wa mwaka 2016 ulitengenezwa na watu wawili. Kisha ukaja Sayonara Wild Hearts, kazi ya studio ya Simogo ya mjini Malmö, Sweden, iliyotoka tarehe 19 Septemba 2019. Wenyewe waliutambulisha kama albamu ya pop katika umbo la mchezo, na unachukua kati ya saa moja na saa moja na nusu. Mwaka huohuo uliteuliwa katika The Game Awards kwa mwongozo wa sanaa na kwa muziki.

Huo wa mwisho una funzo ambalo sikuliona mapema. Ulitoka siku ileile ilipoanza huduma ya Apple Arcade, ambako mtu hulipa ada ya mwezi na kucheza chochote kilichomo. Lakini kwenye mashine za michezo za Nintendo Switch na PlayStation 4 uliuzwa peke yake. Anayelipa ada hana sababu ya kuuliza kama dakika tisini zinatosha, ila aliyetoa pesa kwa mchezo huo mmoja hawezi kuacha kuuliza. Kwa hiyo neno "mfupi" ndani ya uhakiki linabeba jambo tofauti kulingana na mlango aliopitia mchezaji, na mhakiki asiyeutaja mlango huo anawaachia wasomaji neno tupu.

Upande wa muuzaji nao una uzito. Kwa sheria ya Steam, duka la michezo la mtandaoni, mnunuzi anaweza kurudisha mchezo ndani ya siku 14 na kurejeshewa pesa iwapo ameucheza chini ya saa mbili. Mchezo wa dakika 75 unaweza kumalizwa wote na bado ukarudishwa. Watengenezaji wa michezo mifupi wanaishi na jambo hilo kila siku, na uhakiki unaotangulia na kusema "haina thamani ya muda wake" unamwonyesha mnunuzi njia hiyo.

Sisi tulikuwa na fomu ya uhakiki yenye vipengele vitano: picha, sauti, udhibiti, hadithi, na kipengele tulichokiita "thamani kwa saa". Fomu hiyo ilitungwa wakati tulipokuwa tunahakiki zaidi michezo ya saa 40 na kuendelea. Hakuna aliyeigusa tangu hapo.

Yaliyotokea

Nakala ya mchezo ilitufikia siku tisa kabla ya tarehe iliyoruhusiwa kuchapisha. Nilimpa mhakiki aliyekuwa na nafasi. Ni mwandishi hodari, mwenye jicho kali la hadithi, na alikuwa ametoka kumaliza mchezo wa kuigiza uhusika uliomla wiki tatu. Sikumuuliza kama amewahi kuhakiki mchezo wa muziki. Sikumuuliza pia atausikilizaje, na swali hilo halikunijia kichwani hata kidogo.

Aliucheza usiku mmoja, mara moja, nyumbani watu wakiwa wamelala. Alivaa hedifoni zisizo na waya zilizounganishwa na runinga kwa Bluetooth. Alimaliza kwa dakika 80 na kupata nishani za shaba karibu kila hatua. Kesho yake aliniletea maneno 900 na alama ya 6 kati ya 10.

Uhakiki wake ulikuwa na malalamiko matatu. La kwanza, mchezo ni mfupi na unaisha kabla hujakaa vizuri. La pili, udhibiti wake unateleza: unabonyeza pale ngoma inapopiga na mchezo unakuhesabia umechelewa, kana kwamba watengenezaji waliweka muziki juu ya mchezo uliokwisha kujengwa. La tatu, lililochukua sentensi mbili tu katika aya ya sita, ni kwamba katikati ya safari mchezo unaacha kucheza na kuanza kupamba. Nilimrudishia swali moja kuhusu urefu, akanijibu, nikapitisha. Lalamiko la pili nililisoma kama maelezo ya kawaida ya mchezo wenye udhibiti mbovu. Lilikuwa limeandikwa vizuri, na maandishi mazuri yalinilegeza.

Siku ya kuchapisha ilipofika, hakiki nyingine karibu zote zilikuwa za sifa. Alama yetu ndiyo ikawa ya chini kuliko zote. Hilo peke yake halikunitia wasiwasi, na hata leo naamini halikupaswa. Mhakiki anayeogopa kubaki peke yake hana faida kwa msomaji. Ujumbe ukaanza kumiminika, mwingi wake matusi kwa mwandishi. Jioni ya siku ya pili ikaja barua fupi kutoka kwa msomaji anayefanya kazi ya ufundi wa sauti. Hakutukana, wala hakusema alama ni mbaya. Aliuliza swali moja: mhakiki alitumia hedifoni gani, na je, alifungua ukurasa wa kusawazisha sauti na picha kwenye mipangilio?

Nilimpigia mhakiki. Alikaa kimya kidogo, kisha akasema hakujua kama ukurasa huo upo.

Jaribio

Asubuhi iliyofuata tulikutana watatu: mhakiki, fundi wetu wa video na mimi. Ukurasa wa kusawazisha ulikuwa ndani ya mipangilio, ngazi ya tatu, chini ya neno "sauti". Unaonyesha duara linalong'aa huku kukisikika mlio mkavu mmoja kwa kila pigo. Tulipachika hedifoni kwenye kinasa sauti cha simu, tukarekodi skrini, kisha tukahesabu fremu kati ya mng'ao na mlio. Kwa spika za waya vitu viwili hivyo vilitokea karibu pamoja. Kwa hedifoni zile zisizo na waya, mlio ulikuja nyuma kwa takriban moja ya tano ya sekunde.

Moja ya tano ya sekunde ni muda mdogo sana mtu akitazama filamu. Ndani ya mchezo huu ni janga. Nyimbo zake nyingi zina mwendo wa mapigo 140 kwa dakika. Ukigawa sekunde 60 kwa 140, kila pigo linapata milisekunde 428 na ushei, na nusu yake ni 214. Mhakiki alikuwa anasikia kila ngoma ikiwa imekaribia nusu pigo nyuma ya ile ambayo mchezo ulikuwa unaihesabu. Kadiri alivyokuwa na sikio zuri na kubonyeza sawasawa na alichokisikia, ndivyo alivyozidi kukosa. Mtu asiye na sikio la muziki, anayefuata macho tu, angepata nishani bora kuliko yeye.

Tulimpa kidhibiti, spika za waya, na hatua ya nne, ileile aliyoitolea mfano kwenye uhakiki. Mara ya kwanza alipata fedha. Mara ya pili alipata dhahabu. Aliweka kidhibiti mezani na kusema, "Huu si mchezo niliouandika."

Maamuzi na sababu zake

Tulikuwa na njia kadhaa. Kuacha kila kitu kama kilivyo hakukufikiriwa kwa muda mrefu, kwa kuwa aya mbili zilikuwa zinasema jambo lisilo kweli kuhusu kazi ya watu wengine. Naibu wangu alitaka tuandike alama mpya mara moja. Nilikataa. Alama ni hukumu ya mtu mmoja kutokana na kile alichokipitia, na alichokipitia mtu huyu kilikuwa kimeharibika. Kuipandisha kwa haraka, matusi yakiwa bado yanaingia, kungesomeka kama tumenunua amani.

Kulikuwa na mfano wa zamani ulionisaidia kufikiri. Novemba 2012, tovuti ya uhakiki ya GameSpot iliondoa uhakiki wake wa mchezo wa Natural Selection 2 kwa sababu ulikuwa na makosa ya ukweli, ikampa mhakiki mwingine auandike upya. Alama ya pili ilikuwa ya juu zaidi, lakini Metacritic, tovuti inayokusanya alama za wahakiki na kutoa wastani, ilibaki na ile ya kwanza, kwa kuwa utaratibu wake ulikuwa kuchukua alama ya kwanza iliyochapishwa. Somo nililolichukua ni kwamba namba ikishatoka mlangoni hairudi, na ndiyo sababu ya kuwa mwangalifu nayo kabla. Tena namba hizo huwagusa watu mfukoni. Fallout: New Vegas wa mwaka 2010 ulipata wastani wa 84 kwenye Metacritic, na Chris Avellone wa studio ya Obsidian alieleza hadharani mwaka 2012 kwamba bonasi yao ilikuwa imefungwa kwenye 85.

Kwa hiyo niliamua mambo manne. Uhakiki wa kwanza ubaki mahali pake, wote, usifutwe neno. Juu yake uwekwe usahihisho unaosema wazi vifaa vilivyotumika na aya zipi si sahihi. Alama iondolewe, isiwekwe nyingine badala yake. Na mhakiki wa pili, anayejua muziki, apewe muda wa kuandika uhakiki kamili usio na namba.

Mhakiki wa kwanza aliomba jambo moja: aruhusiwe kuucheza upya na kuandika mwenyewe. Nilimkatalia. Nilidhani namkinga, kwamba kwa presha ile angeandika sifa zisizo zake, au angejitetea. Uamuzi huu nitaurudia hapa chini, kwa sababu ndio ninaoujutia kuliko mingine yote.

Matokeo

Usahihisho ulichapishwa siku ya nne. Matusi yalipungua ndani ya siku mbili, ingawa hayakukoma. Studio ilituandikia kwa upole, ikashukuru, na ikakiri kwamba ukurasa wa kusawazisha ulikuwa umefichika mno. Wiki saba baadaye walitoa toleo jipya linalomwuliza mchezaji mwanzoni kabisa anasikiliza kwa kifaa gani. Kwa wachezaji, hilo ndilo jambo jema kubwa lililotoka kwenye kisa hiki, na halikutokana na hekima yetu. Lilitokana na barua ya fundi wa sauti.

Tuliiandikia tovuti moja ya kukusanya alama kuomba namba yetu iondolewe. Haikuondolewa. Bado ipo.

Uhakiki wa pili ulichukua wiki mbili na nusu. Mhakiki wa kwanza aliacha kuandika hakiki kwa muda wa miezi mitano.

Uchambuzi: kilichofanya kazi

Kuichukulia barua ya msomaji kama ushahidi wa kupimwa kulituokoa. Ilikuwa imezungukwa na mamia ya ujumbe wa hasira, na siku kama hiyo mhariri hujenga ukuta na kuacha kusoma. Tofauti yake ilikuwa ndogo: haikudai kitu, iliuliza jambo linaloweza kujibiwa kwa kipimo. Tangu hapo nimewafundisha wenzangu kutafuta barua za aina hiyo kwanza, kabla ya kusoma hata moja ya sifa au ya lawama.

Kupima mbele ya mhakiki mwenyewe nako kulikuwa sahihi. Kama tungepima bila yeye na kumletea matokeo, angeyapokea kama hukumu. Alipoipata dhahabu kwa mikono yake, hakuhitaji kuambiwa lolote.

Na kuuacha uhakiki wa kwanza mahali pake kulikuwa na faida ambayo sikuitarajia. Wasomaji kadhaa waliandika kwamba walikuwa wamepata tatizo lilelile nyumbani na kudhani ni wao wasiojua kucheza. Maelezo ya mhakiki wetu kuhusu "udhibiti unaoteleza" yalikuwa sahihi kabisa kama maelezo ya kile anachokihisi mtu mwenye hedifoni zisizo na waya. Alichokosea ni chanzo. Mhakiki anayesema "nabonyeza kwenye mdundo na nahesabiwa nimechelewa" anatoa ushahidi, lakini akiongeza "kwa sababu watengenezaji hawakujenga mchezo juu ya muziki" ameshaanza kutoa hukumu, na hapo ndipo mhariri anatakiwa kusimama na kuuliza: unajuaje? Sikuuliza.

Uchambuzi: kilichoshindikana

Kosa la kwanza ni langu na lilitokea kabla mchezo haujawashwa. Niligawa kazi kwa kuangalia nani ana nafasi. Mchezo wa muziki unahitaji mtu atakayejiuliza habari ya sauti kabla ya kitu kingine chochote, kama vile mhakiki wa picha asivyoweza kutazama maonyesho akiwa amevaa miwani ya jua. Kifaa cha kusikilizia ni sehemu ya kazi inayohakikiwa. Hata runinga yenyewe ina mchango wake: runinga nyingi za sasa huichelewesha picha zinapoing'arisha, isipokuwa ukiwasha hali ya michezo. Mhakiki asiyeandika alisikilizia nini na alitazamia nini hajamaliza kuandika.

Fomu yetu ilikuwa kosa la pili. Kipengele cha "thamani kwa saa" kiliufanya urefu uwe lalamiko la kwanza hata kabla mhakiki hajaamua kama unamsumbua. Nilipomuuliza baadaye, alisema ukweli kwamba hakuuona mfupi alipokuwa anaucheza. Aliuona mfupi alipofika kwenye kisanduku cha fomu. Dakika 75 zilizojaa zinaweza kuwa nyingi kuliko saa 40 za kutembea kutoka alama moja ya ramani hadi nyingine, na hakuna anayeilaumu albamu kwa kuwa na dakika 45, kwa kuwa kila mtu anajua itarudiwa. Lakini hoja hiyo ya albamu, ambayo watetezi wa michezo hii huipenda sana, ina deni. Ukisema mchezo ni wa kurudiwa, urudie, uone kama unastahimili. Hakiki nyingi za sifa nilizozisoma wiki ile zilidai hivyo na hazikuonyesha dalili kwamba mwandishi aliucheza zaidi ya mara moja.

Mhakiki wa pili aliurudia mara nne. Rasimu yake ya kwanza, hata hivyo, ilinivunja moyo. Ilikuwa imejaa maneno ya kung'aa: maridadi, ya kusisimua, ya kuvutia. Alikuwa anaijua kelele iliyotangulia na alikuwa anaandika kwa kuielekea. Nilimrudishia nikimwomba achague hatua mbili tu, moja nzuri na moja mbaya, aeleze kila chombo cha muziki kinafanya nini ndani ya mchezo. Rasimu ya tatu ndiyo iliyofika. Alionyesha kwamba katika hatua bora, kila sauti ina kazi yake: besi ndiyo inayopinda barabara, ngoma ndiyo inayomrusha mhusika, na sauti ya mwimbaji ndiyo inayofungua malango. Mchezaji akifumba macho bado anajua yuko wapi kwenye wimbo. Katika hatua ya 11 hadi ya 13 uhusiano huo unakatika. Picha zinazidi kupendeza, lakini kitufe kinafuata ngoma moja ileile, na ukizima sauti kabisa hukosi chochote.

Hilo ndilo lililonikalisha chini, kwa sababu ndilo lalamiko la tatu la mhakiki wa kwanza. Mchezo unaacha kucheza na kuanza kupamba. Aliliona akiwa na sauti iliyochelewa, mara moja, usiku, na aliliona sawasawa. Sisi tulipoondoa alama na kuweka usahihisho, wasomaji walichukulia kwamba uhakiki wote ulikuwa batili, na sentensi zile mbili zikazikwa pamoja na aya zilizokosea. Usahihisho wangu ulitaja kilichokuwa kibaya. Haukutaja kilichosimama. Nikiandika usahihisho leo, naweka sentensi moja ya wazi inayosema ni sehemu zipi mhariri bado anazithibitisha.

Kulikuwa na upungufu mwingine kwenye usahihisho huohuo. Ulisema mhakiki alitumia hedifoni zisizo na waya bila kusawazisha. Ulikuwa kweli. Haukusema kwamba mhariri aliupokea uhakiki bila kuuliza swali lililokuwa wazi. Mtu mmoja alisimama mbele ya umati akiwa peke yake kwa kosa la watu wawili, na jina lililokuwa juu ya ukurasa halikuwa langu. Niliongeza sentensi hiyo baada ya siku kumi na moja. Siku kumi na moja ni nyingi.

Wala wahakiki wote wawili, wala mimi, hatukusema neno kuhusu mimweko. Mchezo ulikuwa na sehemu ambazo skrini nzima inamweka kwa kasi, na msomaji mwenye kifafa kinachochochewa na mwanga alituandikia kwamba alilazimika kuacha kwenye hatua ya pili. Mwongozo wa WCAG, uliotungwa kwa ajili ya kurasa za mtandao, unaweka mpaka wa mimweko isiyozidi mitatu ndani ya sekunde moja, na mhakiki anaweza kuutumia kama kipimo cha haraka cha macho. Tulipoteza nguvu zetu zote tukibishana kuhusu namba, na onyo ambalo lingemfaa mtu moja kwa moja likasahaulika.

Uamuzi ninaoujutia

Nilimnyima mhakiki wa kwanza nafasi ya kuandika tena. Sababu niliyoitoa, kumkinga, ilikuwa na ukweli fulani ndani yake, lakini ilichanganyika na woga wangu kwamba chombo kingeonekana kinayumba. Nikiitazama sasa, naona nilimwondoa shahidi bora tuliyekuwa naye. Mamia ya watu walikuwa wamecheza mchezo ule ukiwa sawa. Wengine, pengine wengi kuliko tunavyodhani, waliucheza ukiwa umechelewa na hawakujua. Yeye alikuwa mtu pekee mezani kwetu aliyeucheza kwa namna zote mbili na kujua tofauti. Kama unataka kumweleza msomaji muziki unafanya kazi gani ndani ya mchezo wa namna hii, hakuna njia iliyo bora kuliko kumsikia mtu aliyeupata bila muziki wake kisha akaupata nao.

Naibu wangu bado hakubaliani nami hapa. Anasema mtu aliyejeruhiwa hawezi kuihakiki silaha. Nimeifikiria hoja yake mara nyingi na siipuuzi, hasa kwa wiki ile ya kwanza. Lakini nilichopaswa kufanya ni kusubiri, si kukataa.

Miezi mitano baadaye nilimwandikia, nikaomba radhi kwa jinsi nilivyoandika usahihisho, na nikamwuliza kama bado anataka. Alisema atafikiria. Fomu ilikuwa imeshabadilishwa wakati huo: kipengele cha saa kimeondolewa, na mahali pake kuna mistari mitatu inayouliza umecheza mara ngapi, umesikilizia nini, na nini kinapotea ukizima sauti. Aliijaza yote, kisha akatuma kurasa mbili.

Alichagua hatua ya tisa. Humo kuna daraja refu la kioo ambalo mhusika analikimbilia ubeti mzima, na daraja hilo linapasuka kiitikio kinapoingia. Aliandika kwamba usiku ule wa kwanza daraja lilipasuka, kisha muziki ukashtuka, kama mtu aliyechelewa kupata habari za msiba. Alidhani ni uzembe wa watengenezaji na akaendelea kukimbia. Mara ya pili, kwa spika za waya, ni mwimbaji aliyelivunja.